Nani Alizitunza Sauti za Beatles?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wapenzi wa muziki wa zamani, Mji Mkongwe, Unguja. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie rekodi za Beatles zilizopotea na zile ambazo hazijawahi kutolewa. Najua wapo humu ndani waliokuja na kalamu wakitarajia orodha: wimbo fulani, tarehe fulani, dakika kadhaa. Orodha hizo zipo, na mkitaka tutakaa baadaye tukazipitia. Jioni hii nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Nani alitunza?

Nauliza kwa sababu bendi hii ya Liverpool, Uingereza, haikuwa ya watu wanyonge. Ilikuwa na EMI nyuma yake, moja ya kampuni kubwa kabisa za santuri duniani. Ilipiga muziki BBC, redio yenye mitambo, maghala na watumishi wa kila aina. Pesa zilikuwepo. Rafu zilikuwepo. Makarani wa kuandika lebo walikuwepo. Sasa fuatilieni sauti zao za miaka ya mwanzo, moja baada ya nyingine, mtazame mnafika wapi. Mara nyingi mtafika nyumbani kwa mtu binafsi.

Twende Liverpool, Julai 1958. Bado hawaitwi Beatles, wanaitwa Quarrymen. John Lennon ana miaka 17, Paul McCartney ametimiza 16 mwezi uliotangulia, George Harrison ana 15. Wako na John Lowe kwenye piano na Colin Hanton kwenye ngoma. Wanakwenda nyumba namba 38, mtaa wa Kensington, kwa bwana mmoja anayeitwa Percy Phillips, ambaye amegeuza chumba cha nyumbani kwake kuwa studio ndogo. Wanarekodi nyimbo mbili. Mmoja ni wa Buddy Holly na wenzake. Wa pili, "In Spite of All the Danger", wameutunga wenyewe, na umeandikwa kwa majina ya McCartney na Harrison, jambo ambalo halikuja kutokea tena katika historia yao yote. Gharama ilikuwa shilingi 17 na peni 6 za Kiingereza. Wakatoka na santuri moja. Moja, ndugu zangu, kwa vijana watano.

Ikawa inazunguka. Huyu anakaa nayo wiki, anampa mwenzake. Paul mwenyewe amesimulia mara nyingi: kila mmoja alikaa nayo wiki yake, mpaka ikafika kwa John Lowe, mpiga piano, ikatulia kwake zaidi ya miaka 20. Katika miaka hiyo wenzake walikuwa mashuhuri kuliko mfalme yeyote, wakavunja bendi, John Lennon akauawa New York Desemba 1980, na ile santuri bado iko nyumbani kwa mtu ambaye wengi hawakuwahi kusikia jina lake. Mwaka 1981 Lowe alianza kuulizia habari za kuipeleka mnadani, Paul akapata habari, akainunua. Sisi wengine tuliisikia mwaka 1995, ilipotiwa kwenye mkusanyiko wa Anthology.

Naomba mfikirie santuri ile ni kitu gani. Si ile ya plastiki ngumu iliyopigwa kiwandani kwa maelfu. Ile ya Phillips ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani, na sahani za namna hiyo ni laini: kila ukiipiga, sindano inakula kidogo. Ukiipenda sana na kuipiga kila siku, unaimaliza. Kwa hiyo swali langu, nani alitunza, jibu lake la kwanza ni mpiga piano aliyeiweka tu ndani na kuiacha. Wapo wanaosema alikuwa na bahati. Mimi namshukuru.

Sasa tuje kwa wenye nguvu.

Tarehe 6 Juni 1962 Beatles waliingia kwa mara ya kwanza studio za EMI, Abbey Road, London, Pete Best akiwa bado mpiga ngoma wao. Walirekodi nyimbo nne, mmoja wao "Love Me Do". EMI walizifanyia nini kanda za siku ile? Walizifuta. Tuliambiwa miaka yote kwamba "Love Me Do" ya Pete Best imekwenda na maji. Halafu miaka ya tisini, wakati Anthology inaandaliwa, mke wa George Martin, yule prodyuza wao, akapekua vitu nyumbani na kukuta sahani ya wimbo ule. Nyumbani, wazee wangu! Ghala la kampuni halina, kabati la mke wa prodyuza linayo.

Na msidhani ni nyimbo za majaribio tu zilizopata mkasa huo. "She Loves You", wimbo uliowatikisa Waingereza mwaka 1963, kanda zake za asili za studio hazipo. Kilichobaki ni ile nakala iliyokwisha kuchanganywa, sauti zote mahali pamoja. Ndiyo maana kwa miaka 60 mliisikia ikitokea kama mstari mmoja katikati ya spika. Kampuni iliona wimbo umeshauzwa, kanda ni ghali, basi irudi kazini ikarekodi kitu kingine.

Mimi nimefanya kazi ya ufundi wa sauti muda mrefu, na nataka vijana mjue kufuta kunavyokwenda, maana siku hizi mnadhani kufuta ni kugusa kioo. Kwenye rekoda ya riili kuna vichwa vitatu vimepangwa kwa mstari. Kanda inatoka mkono wa kushoto, inapita kichwa cha kufutia kwanza, ndipo inafika kichwa cha kurekodia, kisha cha kusomea. Ukibonyeza kitufe chekundu, kile cha kwanza kinasafisha sumaku yote iliyoko juu ya utepe, na nusu sekunde haipiti, cha pili kinaandika jipya. Hakuna kishindo. Gurudumu linazunguka kama kawaida, sindano za mita zinacheza kama kawaida, na mtu aliyeketi pale anaweza kuwa anakunywa chai. Nimeshuhudia kituo kimoja kikizifuta hivyo kanda za bendi ambazo wazee wengi humu mliwahi kuzicheza, kwa sababu kulikuwa na mkutano wa kurekodi na kanda mpya hazikuwepo. Aliyebonyeza hakuwa mtu mbaya. Aliagizwa.

BBC nao walikuwa hivyohivyo. Kati ya mwaka 1962 na 1965 Beatles walisikika kwenye vipindi 52 vya redio ile, wakapiga nyimbo mara 275, nyimbo tofauti 88. Na 36 kati ya hizo 88 hawakuzitoa kwenye santuri yoyote wakati bendi ingali hai. Yaani BBC ilikuwa imeshika mkononi sehemu nzima ya muziki wao ambayo haikuwa mahali pengine popote, nyimbo za Chuck Berry, za Arthur Alexander, za Carl Perkins, walivyozipiga walipokuwa vijana wa vilabuni. Kanda nyingi zikafutwa. Ilipofika mwaka 1994 mkusanyiko wa nyimbo zile za redio ukitayarishwa, ilibidi kutegemea, pamoja na vyanzo vingine, rekodi za wasikilizaji: watu waliokaa sebuleni, wakaweka kipaza sauti mbele ya redio au wakaunganisha waya, wakanasa.

Nani alitunza? Msikilizaji!

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna kisa ambacho kila nikikisimulia moyo unanienda mbio. Tarehe 4 Aprili 1963, Beatles walikwenda kupiga kwenye shule ya bweni ya wavulana, Stowe, huko Buckinghamshire. Santuri yao kubwa ya kwanza ilikuwa imetoka wiki mbili tu nyuma. Mwanafunzi mmoja wa Stowe, mwenyeji wa Liverpool, ndiye aliyemwandikia meneja wao barua akaomba waje. Mwanafunzi mwingine, wa miaka 15, alikuwa na rekoda mpya na hamu ya kuijaribu. Akaiweka karibu na jukwaa, akarekodi onyesho zima, karibu saa nzima.

Kanda ile dunia haikuijua kwa miaka 60. Ilifika mwaka 2023, mwandishi wa BBC akienda kuandaa habari juu ya onyesho lile, ndipo yule mwanafunzi, sasa mtu mzima sana, akasema: mimi ninayo kanda. Jamani! Miaka 60 mtu ana kanda, na hakuna aliyemuuliza.

Na thamani yake iko wapi? Wengi wetu Beatles wa jukwaani tunawajua kwa mayowe ya wasichana. Muziki wenyewe umezama. Stowe ni shule ya wavulana, wamekaa kwenye viti vyao kwa adabu. Kwa hiyo mnawasikia. Mnasikia ngoma ya Ringo Starr, aliyechukua nafasi ya Pete Best, ilivyo nzito. Mnawasikia wakitania na watoto wa shule, wakipokea maombi ya nyimbo kutoka ukumbini. Ni bendi ya vilabuni inayofanya kazi yake miezi michache kabla dunia haijawapigia kelele kiasi cha kutojisikia wenyewe. Hayo yote tunayo kwa sababu ya mtoto wa miaka 15 na rekoda yake.

Nisipite bila kutaja zile nyingine mbili kwa haraka. Jioni ya tarehe 6 Julai 1957, siku ambayo John na Paul walikutana kwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton, kijana mmoja alirekodi Quarrymen kwa mashine ya Grundig. Mwaka 1994 EMI waliinunua kanda ile mnadani Sotheby's kwa pauni 78,500. Kampuni iliyofuta kanda zake yenyewe ikaja kulipa fedha hizo kwa kanda ya kijana wa kanisani. Na nyimbo 15 za majaribio walizopiga kwenye kampuni ya santuri ya Decca tarehe 1 Januari 1962, wakakataliwa, nakala yake nzuri ya kanda ilijitokeza mwaka 2025 kwenye duka la santuri huko Vancouver, Kanada. Mwenye duka alikuwa nayo miaka mingi akidhani ni nakala ya magendo.

Sasa mtaniuliza, na mko sahihi kuuliza: je, zile ambazo hazikupotea? Zile ambazo ziko, zimefungiwa, na wenyewe hawataki kuzitoa?

Hapo mambo ni tofauti, na mimi nina msimamo wangu.

Tarehe 5 Januari 1967, Abbey Road, baada ya kufanya kazi ya sauti kwenye "Penny Lane", Paul aliwaomba wenzake watengeneze kitu cha ajabu kwa ajili ya maonyesho ya taa na sauti kwenye ukumbi wa Roundhouse, London. Wakarekodi karibu dakika 14: ngoma, kinanda, mayowe, mwangwi, hakuna wimbo wa kuimbika. Wakauita "Carnival of Light". Watu wa Roundhouse waliusikia mwanzoni mwa mwaka 1967, basi, tangu hapo umefungiwa. Paul alitaka uingie Anthology. George Harrison akakataa. Na kuna "Helter Skelter" ya tarehe 18 Julai 1968 yenye dakika 27 na sekunde 11, ndefu kuliko kitu chochote walichowahi kurekodi kama wimbo mmoja. Nayo iko, na haijatolewa.

Wapo wanaosema msanii ndiye mwenye neno la mwisho. Alichokikataa kiachwe. Naiheshimu hoja hiyo. Nimefanya kazi na wanamuziki, najua mtu anavyoumia kusikia jaribio lake bovu likipigwa hadharani. Lakini "Carnival of Light" halikuwa jaribio lililovuja. Walilitengeneza ili lipigwe mbele ya watu, na likapigwa mbele ya watu. Mimi nasema litolewe. Kama hawataki kuliuza, waliweke mahali ambapo mtafiti anaweza kuketi na kulisikiliza. Kinachonitisha kuhusu kabati lililofungwa ni wizi na moto.

Na wizi si habari ya kufikirika. Januari 1969 walipopigwa filamu wakifanya mazoezi Twickenham na kisha kwenye jengo lao la Savile Row, rekoda za Nagra za watu wa filamu zilikuwa zikinasa mazungumzo na muziki mchana kutwa. Mamia ya kanda zile yaliibiwa. Kwa miaka na miaka wezi walikuwa wakiuza vipande. Januari 2003 polisi walivamia nyumba Uholanzi na Uingereza, wakapata kanda karibu 500. Mwaka 2021 Peter Jackson alipotoa filamu yake ndefu ya siku zile, alikuwa na saa 60 za picha na saa 150 za sauti za kufanyia kazi.

Na katika kazi ile ndipo likazaliwa jambo ambalo nadhani wengi mmelifuata: mashine iliyofundishwa kutambua sauti ya gitaa, ya ngoma, ya mtu, na kuzitenganisha kutoka kwenye kanda ambayo zote zimegandana. Mnaikumbuka kaseti ya John? Aliimba "Now and Then" nyumbani kwake New York miaka ya sabini, akijipigia piano. Mwaka 1994 Yoko Ono, mjane wa John, alimpa Paul kaseti. Watatu waliobaki wakajaribu mwaka 1995, wakashindwa: kulikuwa na mvumo wa umeme, na kila walipoinua sauti ya John, piano nayo ilipanda ikaifunika. Wakaiacha. George akafariki mwaka 2001. Halafu mashine ile ikaja, ikaitoa sauti ya John peke yake, safi, na tarehe 2 Novemba 2023 wimbo ukatoka, ukiwa na gitaa la George la mwaka 1995. Ukafika namba moja Uingereza, miaka 54 tangu wafike hapo mara ya mwisho.

Najua kuna wazee humu hawakuupenda. Mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Nakusikia, mzee. Mtu amekufa, mwacheni apumzike. Mimi nilipousikia nilitulia, kwa sababu ile ni sauti ya John mwenyewe, pumzi yake mwenyewe. Mashine haikumwigiza, ilimwondolea kelele tu. Siku watakapoanza kumtungia maneno ambayo hakuyaimba, nitakuwa upande wako. Na ningependa kaseti ile itolewe vilevile ilivyo, na mvumo wake wa umeme, ili kila mmoja wetu asikie ilikotoka.

Sasa nakuja nyumbani, na msidhani nalazimisha.

Tarehe 9 Septemba 1969, Liverpool, ndani ya kilabu cha chini ya ardhi kinachoitwa The Sink, bendi changa ya Ibex inapiga. Mwimbaji wao amejiunga nao wiki chache tu zilizopita. Ametimiza miaka 23 siku nne nyuma. Amezaliwa hapa, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Aliondoka na wazazi wake mwaka 1964. Dunia itakuja kumwita Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Na usiku ule, katika mji wa Beatles, wiki mbili na ushei kabla Beatles hawajatoa santuri yao iitwayo Abbey Road, mtoto wa Mji Mkongwe anaimba "Rain", wimbo wa Beatles wa mwaka 1966.

Tunajuaje? Kwa sababu rafiki mmoja wa bendi alikuwa na rekoda. Alirekodi. Waliokuwepo wanasimulia kwamba mwisho wa onyesho Brian May na Roger Taylor walipanda jukwaani kuwaunga mkono, yaani watatu wa Queen wa baadaye wakapiga pamoja mbele ya watu kabla Queen haijazaliwa. Kipande hicho hakimo. Kanda ilikuwa imekwisha.

Kilichonaswa kinatosha kunitoa machozi. Sauti ni mbovu, gitaa linaunguruma, ngoma zinagonga kama zipo chumba cha pili. Katikati yake kuna mtu anayeimba kana kwamba ukumbi ule una watu elfu sabini. "Rain" ilitolewa rasmi mwaka 2000 kwenye mkusanyiko wa kazi zake binafsi, na ndani ya mkusanyiko huohuo kuna mazoezi ya bendi ileile baada ya kubadilisha jina, yaliyorekodiwa nyumbani mwaka 1969. Hizo ni sauti zake za kale kabisa akiwa mwimbaji wa roki, na hakuna kampuni iliyozilipia hata senti.

Ndugu zangu, mlangoni pale tumeweka meza, na vijana wawili watakuwepo mpaka tutakapofunga. Mliokuja na kanda za riili, kaseti au santuri kama tulivyotangaza, ziacheni pale, mtaandikiwa hati ya kupokea na mtarudishiwa mali yenu pamoja na nakala. Ambao kanda zenu bado ziko nyumbani, naomba mambo mawili. Usiijaribu kwenye mashine ya zamani ambayo haijasafishwa vichwa, hata kama hamu inakuua; utepe mkavu unakatika, na ule ulioota ukungu unaacha muziki wako kwenye kichwa cha mashine. Na andika leo juu ya boksi unachokumbuka: nani anapiga, wapi, mwaka gani. Ukikosea mwaka si kitu. Ukiwa na bibi au babu anayekumbuka zaidi, mkalishe umuulize, na jibu lake uliandike kwa jina lake.

Fundi, kama spika ziko tayari, tuwekee "Rain" ya The Sink, yote, usiikate. Halafu tutasikiliza Stowe.

Asanteni sana.